UZI: Unataka kuuza vifaa na huduma za visima vya mafuta, na uko Lubumbashi? Tuzungumze

Yaya_Kampemba (mwanzisha uzi)

Habari zenu wana-Lushi, Likasi, Kolwezi, na ndugu zetu wa Goma na Bukavu.

Vijana wengi wananiandikia pembeni swali lilelile: "Yaya, nasikia wauzaji wa kampuni za visima vya mafuta wanalipwa vizuri. Mtu anaingiaje?" Nimeuza vifaa vya kuchimbia migodini hapa Katanga, nikaenda Muanda, baadaye nikazunguka upande wa Uganda, Ziwa Albert. Naona heri niyaandike hapa kila mtu asome, na wenye kujua kunizidi waongeze.

Kwanza tuelewane kuhusu ramani. Hapa Katanga hatuna kisima kinachotoa mafuta. Mafuta ya nchi yetu yanatoka Muanda, Kongo Central, nchi kavu na baharini. Ya baharini yameanza kutoka 1975, na leo mzalishaji pale ni Perenco, tangu 2000. Ni mapipa elfu ishirini na kitu kwa siku, soko dogo. Soko kubwa linalokua karibu na sisi liko Uganda: Tilenga ya TotalEnergies yenye visima zaidi ya 400, Kingfisher ya CNOOC yenye visima 31, na bomba la EACOP la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga. Kwa hiyo anayeitaka kazi hii akae akijua kwamba siku moja atafunga mzigo.

Sasa kwa nini nasema mtu wa Lushi ana nafasi? Kwa sababu kutoboa ardhi ni kazi tunayoishi nayo. Nenda mtaa wowote ambako maji ya Regideso hayafiki vizuri, utakuta mashine ya foraji imesimama ndani ya parseli. Penye udongo laini utaona vijana wanachanganya bentonite na maji kwenye shimo la pembeni. Pompi inasukuma lile tope ndani ya vyuma, linatokea kwenye trepani (kichwa cha chuma kinachokata mwamba), linapanda juu na vipande vya udongo na mawe. Tope likiwa jepesi mno kuta zinabomoka, wanapoteza siku. Wakifika kwenye maji wanashusha bomba la PVC ili shimo lisijifunge. Kisima cha mafuta cha mita 3,000 kinaanzia kwenye kanuni hizohizo. Tofauti ni kwamba huko chini kuna presha inayoweza kuua watu, kwa hiyo tope linaongezewa uzito kwa unga wa barite, bomba ni la chuma na linafungwa kwa saruji, na juu ya kisima kunakaa mitambo ya kukifunga ghafla kikitaka kufumuka. Kisima cha Macondo, Ghuba ya Mexico, kilipofumuka tarehe 20 Aprili 2010 walikufa watu 11. Kila mnunuzi wa vifaa vya mafuta anaijua habari hiyo, na anaponunua valvu kwako inakuwa kichwani mwake.

Kijana aliyewahi kusimama kando ya foraji akauliza maswali ana mengi ya kuzungumza na mteja kuliko aliyekariri katalogi. Ndiyo maana kampuni kubwa za huduma, SLB (ambayo hadi 2022 iliitwa Schlumberger), Halliburton, Baker Hughes, Weatherford, mara nyingi huchukua wauzaji wao kutoka kwa watu waliofanya kazi kisimani miaka kadhaa. Na waanzilishi wenyewe walikuwa watu wa kushika vyombo. Ndugu wawili Conrad na Marcel Schlumberger waliunda kampuni yao 1926, na mwaka uliofuata watu wao wakashusha chombo cha umeme kisimani kule Pechelbronn, Ufaransa, kupima mwamba mita kwa mita. Kabla ya hapo mchimbaji alitegemea sana mawe yaliyotoka juu na sampuli za gharama kubwa. Walichouza ni jibu la swali lililomnyima mwenye kisima usingizi.

Niwape mfano mmoja wa hesabu, maana hii ndiyo kazi yenyewe. Mteja anataka trepani. Ana bei mbili mezani: ya kwanza dola 10,000, ya pili dola 30,000. Muuzaji wa kawaida mwenye ile ya 30,000 anaanza kupunguza bei. Usipunguze. Muulize rigi yake, yaani mtambo wa kuchimbia, inamgharimu kiasi gani kwa saa. Tuseme dola 1,000. Trepani ya bei rahisi inachimba mita 200 kwa saa 40, halafu saa 10 zinakwenda katika kuvuta vyuma vyote juu na kuvirudisha. Saa 50 mara 1,000 ni 50,000, ongeza bei yake 10,000, gawanya kwa mita 200: kila mita imemgharimu dola 300. Ile ya 30,000 kwa saa hizohizo 50 inachimba mita 320. Jumla ni 80,000, gawanya kwa 320, unapata dola 250 kwa mita. Umemwonyesha kwamba iliyoonekana ghali inamwachia dola 50 kila mita. Lakini uwe na haki ya kusema mita 320: lete rekodi za mwamba unaofanana na wake. Bila rekodi hiyo hesabu yako ni maneno.

Hesabu hii inafanya kazi hata kwa mashine za kuchimbia mashimo ya baruti migodini Kolwezi. Trepani ya meno ya kuviringika ni ukoo mmoja, mafuta na migodi. Howard Hughes baba alipata hataza ya trepani ya koni mbili mwaka 1909, na ya koni tatu ikafuata 1933. Anayeijua hesabu hii mgodini ataihamishia Hoima bila shida.

Nimeandika mengi. Ulizeni.

FundiRuashi

Yaya, aksanti mingi kwa hii uzi. Miye niko mu Ruashi, natumika ku dipo moja yenye kuuzisha mafleksibo, maruloma na majoini kwa basosiete ya migodi. Niko paka na diploma ya Eta, sikufika ku iniversite. Muntu kama miye anaweza kupata njia, ao ni kazi ya baenjeniere peke yabo? Na Kiingereza yangu iko kidogo sana.

Yaya_Kampemba

FundiRuashi, uko karibu na mlango kuliko unavyofikiri. Visima vya mafuta vinakula mafleksibo (mipira) ya presha, maruloma (beringi) na majoini (sili) kila siku. Kuna ngazi mbili za wauzaji. Kuna wale wanaouza huduma za kitaalamu, kama kupima kisima, saruji, tope, uchimbaji wa kupinda. Huko wanataka enjenia au mtu aliyekaa kisimani muda mrefu. Na kuna wanaouza vifaa vinavyotumika na kuisha. Hapa cheti hakitazamwi sana. Anatazamwa anayejua kusoma namba ya kipuri, kujua fleksibo hii inabeba presha gani, na joini hii itaoza au haitaoza ikikutana na mafuta ghafi yenye gesi ya haidrojeni salfaidi.

Nikuulize: dipo lenu likiuza fleksibo, nani anaipima presha kabla haijatoka? Kama kuna fundi anayefanya hivyo, nenda ukasimame naye. Jifunze kusoma cheti cha kipimo. Halafu jifunze viwango vya API, shirika la petroli la Marekani lililoanzishwa 1919. Anza na viwili: 5CT kwa mabomba ya kisima, 6A kwa vichwa vya visima na valvu. Huhitaji kukariri vitabu. Jua kinahusu nini, na mteja akikitaja usitoe macho.

Kiingereza hakikwepeki kama unawaza Uganda. Muanda utafanya kazi kwa Kifaransa, na njia ya bomba upande wa Tanzania, Nzega, Singida, Tanga, Kiswahili chako kitakubeba pale shantie, eneo la kazi. Ila karatasi za zabuni za Uganda na za bomba ni Kiingereza. Jifunze Kiingereza cha karatasi kwanza, cha kuzungumza kitafuata.

Mama_Katuba

Wanangu, mimi nimekaa upande wa pili wa meza. Nimekuwa afisa wa manunuzi katika sosiete ya madini huku kwetu miaka mingi, na nimehudhuria mafunzo pamoja na wanunuzi wa kampuni za mafuta. Wanachohangaikia ni kilekile kinachonihangaisha mimi, kwao adhabu ya kukosea ndiyo kubwa zaidi.

Niwaambie jinsi ninavyosoma devi, ile karatasi ya bei mnayotuletea. Bei naitazama mwisho. Kwanza natazama kama umejibu nilichoomba. Nimeomba valvu ya inchi 4 yenye kiwango fulani cha presha, wewe unaniletea "inayofanana nayo" bila kusema wapi inatofautiana. Hiyo naiweka kando. Pili, mzigo unafika wapi? Umeandika bei ya Dar es Salaam, bei ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, baada ya duane (forodha), au bei ya mlangoni kwangu? Kati ya sehemu hizo tatu kuna pesa nyingi na wiki nyingi. Muuzaji asiyeandika hilo ama hajui, ama ananificha, na vyote viwili vinanitisha. Tatu, devi yako inadumu hadi tarehe gani? Nne, cheti cha kiwandani kiko wapi?

Kuhusu cheti nisimame kidogo. Msambazaji mmoja alituletea mzigo wenye nembo ya API imegongwa vizuri kabisa kwenye chuma, na karatasi yenye muhuri. Kijana wangu wa ofisi akachukua namba ya leseni iliyoandikwa chini ya nembo, akaitafuta kwenye orodha ya API ambayo iko wazi mtandaoni kwa mtu yeyote. Namba ilikuwa ya kiwanda kingine, cha bidhaa nyingine kabisa. Mzigo ukarudi wote. Yule muuzaji alikuwa kijana mchangamfu, naamini hata yeye aliuziwa uongo. Lakini hajauza tena kwetu, na akiomba kazi kwa mtu ninayemfahamu nitaulizwa habari zake. Kwa hiyo wewe unayeuza, itafute namba hiyo mwenyewe kabla hujatia sahihi ya kuchukua mzigo kwa msambazaji wako. Inachukua dakika chache.

Jambo lingine. Ukikwama, nipigie. Kamyo imelala Kasumbalesa foleni, niambie leo, nitapanga mafundi wangu. Ukizima simu, nitajua kesho asubuhi mashine ikiwa imesimama na shefu wangu ananiuliza. Wauzaji niliowapenda katika kazi yangu ni wale waliokuwa wananipigia na habari mbaya mapema.

Muanda_Pwani

Nawasalimu kutoka magharibi. Niongeze kuhusu Muanda ili watu wasije na matumaini ya hewa. Mwenye visima ni mmoja, kwa hiyo mnunuzi mkubwa ni mmoja, na wasambazaji wake wamejuana zamani. Ukitaka kuingia huku, njia nyepesi ni kuajiriwa na kampuni ya huduma ambayo tayari ina mkataba, au kampuni ya Kikongo iliyoandikishwa ARSP, mamlaka ya ukandarasi mdogo. Sheria ya Februari 2017 ya ukandarasi mdogo inasema kazi hizo ni za kampuni zenye mtaji ulio mkononi mwa Wakongomani kwa sehemu kubwa. Sheria hii inawahusu wachimba madini na watu wa mafuta vilevile. Wengi Lushi wanaijua kwa ajili ya migodi, wanasahau kwamba inafungua mlango huku pia.

Kama kazi itakupeleka kwenye majukwaa ya baharini, utatakiwa kuwa na cheti cha usalama kinachoitwa BOSIET. Sehemu inayowatoa jasho watu ni ya helikopta. Unafungwa mkanda ndani ya kibanda mfano wa helikopta, kinashushwa kwenye bwawa, kinapinduliwa kichwa chini, na wewe unatakiwa kutulia, kushika dirisha, kufungua mkanda na kutoka. Asiyejua kuogelea aanze kujifunza sasa. Cheti kinadumu miaka 4. Muuzaji asiyekuwa nacho anabaki nchi kavu, anasimuliwa na wenzake matatizo ya mteja.

Kijana_wa_Himbi

Mimi niko Goma. Nasoma haya yote na nina swali ambalo linaniuma. Huku kwetu tuliona habari ya mafuta ya Virunga. Kampuni ya Kiingereza ilipima Ziwa Edward mwaka 2014, watu wakagawanyika, wavuvi wakaogopa kwa ajili ya samaki, kisha ikaondoka. Halafu 2022 serikali ikatangaza zabuni ya vitalu 27 vya mafuta na 3 vya gesi, vingine vikigusa hifadhi, na Oktoba 2024 ile ya mafuta ikafutwa. Nauliza kwa heshima: mnawashauri vijana wajenge maisha juu ya kitu ambacho leo kinatangazwa, kesho kinafutwa, na ambacho watu wa pale pengine hawakitaki?

Yaya_Kampemba

Ndugu wa Himbi, swali lako ni la haki, nami silikimbii. Virunga ni urithi wa dunia tangu 1979, na mimi binafsi nisingekubali kuuza hata bolti moja ya kisima kinachochimbwa mule. Muuzaji ana uhuru huo, hata kama wachache wanautumia. Unaweza kumwambia bosi wako kuwa mradi huu siufanyi. Utapoteza komisheni, na inawezekana ukapoteza kazi. Anayeingia katika biashara hii aamue mapema mpaka wake uko wapi, kabla fakture (ankara) kubwa haijamsogelea.

Kuhusu kutangazwa na kufutwa: kijana asijenge maisha juu ya vitalu vilivyoko kwenye hotuba. Ajenge juu ya rigi zinazozunguka leo. Rigi ikizunguka inakula trepani, tope, mafleksibo na chakula cha watu. Zabuni ya vitalu hainunui kitu kwa muuzaji wa kawaida, hata ikifanikiwa miaka mingi inapita kabla ya kisima cha kwanza.

Na usisahau gesi iliyo mlangoni kwenu. Ziwa Kivu lina kama kilomita za ujazo 60 za methani. Upande wa Rwanda mtambo wa KivuWatt, megawati 26, unavuta maji ya kina cha mita 350 hivi, gesi inatenganishwa, inaendesha majenereta. Ule mtambo una mabomba, valvu, vipimo, kompresa, yaani vitu vilevile ninavyovizungumzia. Tena gesi ile ni hatari ikiachwa bila kuangaliwa. Anayependa ujuzi huu lakini moyo wake unakataa visima vya mafuta, hapo ana kazi ya maana.

Kijana_wa_Himbi

Nashukuru kwa jibu. Kwa hali tuliyo nayo hapa Goma tangu mwaka 2025 sioni mtu akileta kompresa kesho. Ila nimesikia.

Nguba_Bk

Shikamoo Mama Katuba, shikamoo Yaya. Mimi ni binti wa Bukavu, nimemaliza masomo ya kemia, natafuta kazi Lubumbashi. Nimeitwa kwenye mahojiano na kampuni inayouza kemikali za viwandani, nao wanasema wana mpango wa kwenda kwenye mafuta. Mjomba wangu anasema shantie si mahali pa mwanamke. Pia naomba kujua kemikali zinaingia wapi katika kisima.

Mama_Katuba

Marahaba mwanangu. Mjomba anakutakia mema, ila nimeona mabinti wakisimama kwenye karieri na helmeti kichwani na wakisikilizwa, kwa sababu walijua kazi. Uliza mahojianoni mambo ya wazi: nikilala shantie nalala wapi, choo kiko wapi, nani anaendesha gari usiku, nikisumbuliwa namwambia nani. Kampuni yenye majibu ya haraka imeshawahi kuwa na wanawake kazini. Inayocheka au kubabaika, ogopa.

Yaya_Kampemba

Nguba_Bk, kemia ni dhahabu katika biashara hii. Kemikali zinaingia kila mahali: za kuzuia kutu ndani ya mabomba, za kutenganisha maji na mafuta, za kuua bakteria, za kuzuia chokaa kuganda, za kulainisha tope la kuchimbia. Chukua mafuta ya Ziwa Albert. Yana nta nyingi, yakipoa yanaganda. Ndiyo sababu bomba la EACOP limewekewa mfumo wa kulipasha joto njia nzima, likae juu ya nyuzi 50. Mteja mwenye mafuta ya namna hiyo ana maswali ya kemia kuanzia kisimani hadi kwenye tangi.

Muuzaji mzuri wa kemikali anaomba sampuli kwa mteja, anaipeleka maabara, anarudi na matokeo ya dozi kadhaa, kisha anaomba jaribio kwenye kisima kimoja. Anakwenda mwenyewe kupima asubuhi na jioni. Baada ya hapo bei inazungumzwa kwa pipa la mafuta lililotibiwa. Bei ya dramu haina nafasi tena. Wewe uliyekaa maabara utaelewa lugha hiyo haraka. Mahojianoni waulize wana maabara au wanauza tu madramu. Kama wanauza tu madramu, jua kwamba utakuwa unashindana kwa bei peke yake.

Dany_Kasumba

Tuseme ukweli wakubwa. Bila madesu hakuna mkataba. Mnawafundisha watoto hesabu ya mita wakati mwenzao anapitia mlango wa nyuma na bahasha.

Yaya_Kampemba

Dany, hilo lipo, sisemi halipo. Lakini sikiliza tofauti. Kampuni nyingi za visima zinabanwa na sheria ya Marekani ya 1977 au ya Uingereza ya 2010 kuhusu hongo kwa maofisa wa nje. Ile ya Uingereza haisamehi hata vijisenti vya kuharakisha karatasi. Muuzaji anayetoa bahasha Lubumbashi anaweza kusababisha kesi London, na wa kwanza kutolewa kafara ni yeye, kwa kuwa jina lake ndilo liko kwenye ripoti ya matumizi. Nimewaona watu waliopoteza kazi hivyo, na hakuna kampuni nyingine ya mafuta iliyowachukua, maana kabla ya kukuajiri wanachunguza.

Ukiombwa, jibu kwa maandishi, kwa adabu: sera ya kampuni hairuhusu. Kisha mjulishe bosi wako siku hiyohiyo. Mkataba mwingine utaukosa. Nimeikosa mingine nami, na bado nimelisha watoto kwa kazi hii.

Mama_Katuba

Na mimi niongeze kama mnunuzi: anayenipa bahasha ananiambia kwamba mali yake haiwezi kushinda yenyewe. Dany, si kila ofisi iko hivyo unavyosema.

FundiRuashi

Yaya, niko nasoma yote. Sasa mshahara iko namna gani? Na ile mambo ya bei ya mafuta kushuka, inagusaka muuzishi?

Yaya_Kampemba

Inamgusa wa kwanza. Katikati ya 2014 pipa lilikuwa zaidi ya dola 100, Januari 2016 lilikuwa chini ya 30. Tarehe 20 Aprili 2020 mafuta ya Marekani ya mkataba wa Mei yalifunga siku chini ya sifuri, dola 37 na senti 63 chini. Bei ikianguka, wenye visima wanasimamisha rigi, rigi ikisimama komande (oda) zinakatika, na kampuni za huduma zinapunguza watu kwa maelfu duniani. Sisi wa Katanga tunaijua hali hii kwa shaba, tumeona Likasi na Kolwezi zikikaa kimya bei ilipoanguka. Ndiyo sababu nasisitiza ushike vifaa vinavyouzika pande zote mbili. Trepani, pompi, fleksibo, kemikali za maji. Mafuta yakilala, unarudi mgodini na wateja wako.

Mshahara kwa kawaida una sehemu ya kudumu na komisheni. Kabla ya kusaini, uliza komisheni inahesabiwa lini: bon ya komande ikitoka, mzigo ukifika, au mteja akilipa? Mara nyingi ni akilipa, na wateja wakubwa wanaweza kulipa baada ya siku 60 au 90. Maana yake mauzo ya Januari utayala Mei. Panga nyumba yako hivyo.

Na ukiuza huduma kisimani, jua ile tiketi ya kazi. Kila siku timu yako ikimaliza, mwakilishi wa mwenye kisima anatia sahihi tiketi: saa ngapi, watu wangapi, vifaa gani. Bila sahihi yake fakture yako haiendi popote. Vyombo vya kukodisha vina kipengele cha kupotea shimoni, chombo kikinasa chini na kuachwa, mteja anakilipa kwa bei iliyoandikwa kwenye mkataba. Muuzaji anayesahau kuandika bei hiyo kabla chombo hakijashuka ameitia kampuni yake hasara kubwa.

Hoima_Njiani

Mkongomani mwenzenu niko Hoima sasa. Nataka kuwaonya juu ya jambo moja. DRC imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, na wengi wanadhani sasa wanaweza kuja kufungua dipo hapa na kuuza. Kanuni za Uganda za 2016 zimetenga aina 16 za bidhaa na huduma kwa kampuni za Kiuganda: usafirishaji, chakula, hoteli, winchi, vifaa vya ujenzi na vya uchimbaji vinavyopatikana nchini, na nyinginezo. Pia lazima kampuni iwe kwenye daftari la wasambazaji la mamlaka yao ya petroli, la sivyo hata zabuni huioni. Kwa hiyo tafuta mshirika wa Kiuganda, au uje kama mwajiriwa mwenye kibali. Anayekuja na ujuzi ambao hapa ni adimu, kwa mfano mtu wa pompi nzito aliyelelewa Kolwezi, anapokelewa. Anayekuja kuuza glovu na helmeti atakuta wenyeji wamejaa tele.

FundiRuashi

Basi nianzie wapi kesho asubuyi? Sema kitu moja tu, Yaya.

Yaya_Kampemba

Chukua fakture za dipo lenu za mwaka mmoja uliopita, kama shefu ataruhusu. Tafuta wateja watano wanaorudisha komande ya fleksibo ileile mara nyingi. Nenda kwa kapita (msimamizi) wa warsha ya mmoja wao, omba uione iliyopasuka. Itazame ilipasukia wapi: kwenye kichwa, kwenye kona, au ilisuguliwa na chuma. Muulize mashine ilisimama saa ngapi na saa moja inawagharimu kiasi gani. Andika ukurasa mmoja, namba zake na pendekezo lako, umpelekee. Ukurasa huo uutunze hata kama hakununua. Ukiwa na kurasa tano za namna hiyo, nitumie pembeni pamoja na CV yako, nitaipitia kabla hujaipeleka kokote.

FundiRuashi

Kapita wa kwanza ninamujua, iko mu Kipushi. Nitaenda siku ya ine.

Nguba_Bk

Yaya, na mimi nitume ya kwangu? Mahojiano ni wiki ijayo.

Yaya_Kampemba

Tuma leo, binti. Weka na majina ya vipimo vya maabara ulivyovifanya kwa mikono yako, hata vile vya shuleni.